Siku Niliyopanda Tangi la Ukweni Kutafuta Mtandao wa Gemu

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka nimechoka, ila mjue kwamba kuna kijiji kimoja hapa Mara nikipita hata watoto wa chekechea wananitambua, na hawanitambui kwa wema wowote, wananitambua kwa sababu waliniona mchana kweupe juu ya tangi la maji la mkwe wangu, suruali imepasuka kutoka hapa mpaka hapa (msiniulize hapa ni wapi), napunga mikono na kuita watu kama kondakta. Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo, na haikunipata kwa bahati mbaya, niliijenga mwenyewe tofali kwa tofali.

Kwa wasionijua, mimi ni Mwita, mtu wa Kemambo, fundi simu. Nina kibanda changu pale senta, mchana natengeneza simu, jioni vijana wanakuja kucheza gemu la mpira kwenye TV yangu. Ile mashine yenyewe ya gemu sina, bei yake inatisha, ninachofanya ni kucheza kwa mtandao. Yaani gemu liko kwenye kompyuta kubwa huko mbali, nchi nyingine kabisa, wewe unaletewa picha tu kama unavyoletewa mechi ya mubashara, ukibonyeza pedi amri inakimbia kule, mchezaji anapiga, picha inarudi kwako. Mtandao ukiwa mzuri huwezi kuamini. Ukiwa mbaya, hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwapa.

Sasa, nilikuwa nimempenda mwalimu mmoja wa shule ya msingi ya kwetu, anaitwa Pendo, mtu wa Robanda, kule pembeni mwa hifadhi. Na Pendo alikuwa amenipenda, hilo halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Wambura. Alishasikia habari zangu na akasema, "Fundi simu, sawa, ni kazi. Lakini huyo ninayesikia jioni anacheza gemu na watoto, huyo ni mtu mzima kweli?" Na mzee huyu si wa kusema neno halafu akalisahau. Alikuwa dereva wa watalii miaka mingi, na sifa yake kambi zote ilikuwa macho. Wenzake wanahangaika na darubini, yeye anasema tu, "Kuna chui kwenye ule mti, mkia unaning'inia," na kweli mkia unaning'inia. Amestaafu, anavaa miwani ya kusomea, lakini sifa bado anaishikilia.

Pendo akaniambia, "Baba anapenda mpira kuliko chakula. Njoo umsalimie, ulete hilo gemu lako, akishika pedi kwa mkono wake mwenyewe hutamsikia tena." Nikaona ni akili kubwa. Nikanunua suruali mpya ya kitambaa, ya kubana kidogo (muuzaji alisema ndiyo fasheni, Mungu anamwona), nikafungasha pedi mbili, waya wa kuunganisha simu na TV, na simu mbili, moja ya kuchezea na nyingine ya kugawa mtandao. Nikapanda basi mpaka Mugumu, kutoka pale nikachukua bodaboda, huyoo, Robanda.

Nikapokewa vizuri sana. "Shikamoo baba." "Marahaba, mura, karibu." Aliponiita mura, yaani kijana kwa lugha ya kwetu, nikajua mlango uko wazi nusu. Mama yake Pendo nikamsalimia kwa mbali, macho chini, kwa sababu sisi Wakurya mama mkwe humsogelei hovyo, humkodolei macho, na kitu chochote cha fedheha kisitokee mbele yake, hicho nimefundishwa tangu mdogo. Naye akaitikia kwa mbali na kurudi jikoni, harufu ya kuku wa kienyeji ikamfuata.

Shangazi yake Pendo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuvunja sahani, ndiye aliyenionyesha mji. Hapa zizi, hapa tangi la maji juu ya mnara wake wa vyuma, hapa shamba la mahindi yanakaribia kukauka. "Mwaka huu tembo wametuchosha," akasema. "Zamani walikuja usiku, siku hizi hata jua linawaka wanaingia. Tumekubaliana, atakayewaona apande mahali pa juu apige kelele, sisi wengine tunakuja na madebe." Nikasema, "Poleni sana shangazi," huku nahesabu kichwani kama waya wangu utafika kwenye TV. Ndiyo hivyo, mtu anapewa sheria ya kijiji na yeye anawaza waya.

Tukaingia sebuleni, mimi na mzee wawili tu. Nikaunganisha, nikawasha, mzee akashika pedi kama anashika usukani, nikamfundisha hiki cha pasi, hiki cha kupiga, mpira ukaanza. Na picha ikafifia.

Si kufifia kidogo. Wachezaji walikuwa kama sisimizi waliotumbukia kwenye uji. Wakisimama unawaona wana vichwa, wakianza kukimbia wanayeyuka, jezi inachanganyika na nyasi, mpira hauonekani kabisa, unakisia tu kwa kuangalia wengi wanakimbilia wapi. Mzee akapiga pasi nzuri sana, safi, kwa refa. Halafu akapiga nyingine, kwa refa huyohuyo.

Akasimamisha mkono. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Akaangalia. Akaivua tena, akaifuta tena.

"Haya macho yangu sasa," akasema taratibu, kama anaongea peke yake. "Mwaka huu kweli yamekwisha."

Rafiki zangu, hapo ndipo penyewe. Nilitakiwa kusema maneno mawili, "Mzee, mtandao mbovu," basi, tungecheka, tungekula kuku, ningerudi Kemambo na heshima yangu. Lakini nilikuwa nimetoka kumweleza, kwa madaha, kwamba hii ni teknolojia ya juu na kwamba mimi ndiye mtaalamu wake ukanda mzima. Nikaona nikisema mbovu, nimejitia ubovu mwenyewe. Nikanyamaza. Nikafanya hata zaidi ya kunyamaza, nikasema, "Pole baba, labda mwanga wa dirishani."

Mwanga wa dirishani! Mzee akaamka akafunga pazia. Hakuna kitu. Akaita, "Mama Pendo, niletee ile miwani ya mbali." Nikasikia mama akijibu kutoka jikoni, "Nilikwambia twende hospitali, ukasema unaona!" Miwani ikaletwa, mzee akaivaa juu ya ile ya kwanza, zote mbili puani, akasogeza kiti mpaka karibu na TV, akawa anachungulia kama anayetafuta sindano. Uso wake ukashuka, jamani, uso wa mtu anayeona jambo kubwa maishani linamtoka. Moyo ukaniuma, lakini ulimi nao ulikuwa umeshafunga ndoa na uongo. Nikajiambia, dawa ni moja, nirekebishe picha upesi, ikinyooka mzee atadhani macho yamerudi, wote tutafurahi.

"Baba, endelea kujizoeza, natoka kidogo nipige simu," nikasema, nikachukua ile simu ya kugawa mtandao nikatoka.

Nikaiweka dirishani. Nikachungulia, uji. Nikaipeleka barazani juu ya kiti. Uji. Nikaizima nikaiwasha. Nikamwomba Pendo azime mtandao kwenye simu yake, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe unahangaika na nini huku nje? Chakula kiko tayari."

"Picha imefifia."

"Si umwambie baba?"

"Baba anadhani ni macho yake."

Pendo akaniangalia. "Na wewe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ni dirisha."

Akafunika mdomo kwa ule mwiko, sikujua kama anacheka au anatafuta pa kunipiga. "Mwita, nakupa muda mdogo. Rekebisha, au naingia nasema mwenyewe."

Nikainua macho, nikaona tangi. Mnara mrefu, juu kabisa ya nyumba, na minara ya simu siku zote inataka mahali pa juu, hata mtoto anajua. Nikamwambia Pendo, "Mimi napanda, wewe kaa ndani uangalie TV, ikinyooka upige kelele." Akasema, "Usipande." Nikapanda. Ngazi ilikuwa ya vyuma vyembamba, na ile suruali kila hatua ilikuwa inalalamika, lakini nilifika juu, nikasimama kwenye mfuniko wa tangi, nikanyoosha mkono na simu kuelekea mawinguni.

"Imekuja?" nikapiga kelele.

"Bado!" Pendo akajibu kutoka ndani (baba yake alidhani ni habari za ile simu niliyotoka kupiga).

Nikageukia upande wa hifadhi. "Imekuja?"

"Bado!"

Nikasogea ukingoni, mguu mmoja hewani. "Imekuja?"

Na mara sauti ya Pendo ikatoka kwa furaha, "Imekuja! Imekuja, usitikisike!"

Niliruka, jamani. Niliruka kwa shangwe palepale juu ya mfuniko, nikapunga mikono yote miwili, nikalia kwa nguvu zangu zote, "IMEKUJAAA! IMEKUJAAA!" Na wakati naruka suruali ikanasa kwenye bolti la mnara, nikasikia praaa, upepo wa Serengeti ukaingia mahali ambapo hauna ruhusa. Nikakaa chini haraka. Lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko hasara, nikaendelea kupunga mikono huku nimekaa.

Sasa fikirieni Kiswahili chetu cha huku bara. Mtu wa pwani angesema tembo wamekuja, sisi huku hatuna hizo, hata tembo akiwa mkubwa namna gani ni "imekuja, imekula mahindi, imeondoka." Kwa hiyo mama mmoja aliyekuwa anapalilia shamba la jirani alipoinua kichwa, aliona nini? Mtu juu ya mnara, anaelekeza mkono upande wa hifadhi, anapiga mayowe kwamba imekuja.

Debe la kwanza likalia. Likaitikiwa na la pili. Kisha sufuria, filimbi, na kutoka kule kanisani, ambako kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, ikatoka ngoma. Nikawaona wanatoka kila upande, wanaume na marungu, akina mama na vifuniko, mwanakwaya mmoja na joho lake limekunjwa kiunoni, wote wanakimbilia kwetu.

Na mimi, kwa ujinga nilioumbwa nao siku hiyo, nilidhani wanakuja kuangalia mechi. Kweli kabisa. Nikajiambia, kumbe Pendo alitangaza, kumbe kijiji kizima kinataka kuniona. Nikawapungia, "Njooni! Njooni haraka! Ndiyo kwanza imeanza!"

Mbio zao zikaongezeka mara mbili.

Aliyefika wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mtu mfupi mwenye debe kubwa. Akasimama chini ya mnara akihema. "Wako wapi?"

Nikadhani anauliza wachezaji. "Wako ndani!"

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya nyumba! Sebuleni!"

Mama mmoja akapiga yowe ambalo bado nalisikia. Mwenyekiti akarudi nyuma hatua kadhaa. "Wangapi?"

"Ishirini na wawili!" nikasema kwa fahari. "Kumi na mmoja huku, kumi na mmoja huku!"

"Mungu wangu! Na Mzee Wambura?"

"Yuko nao! Anawapeleka vizuri tu, ila bado hajafunga!"

"Hajafunga nini? Mlango?"

Kabla sijajibu, madebe yakaanza upya, yakaizunguka nyumba, kelele ile ningekuwa tembo kweli ningehama mkoa. Na mlango ukafunguka, akatoka Mzee Wambura, pedi mkononi, miwani mbili puani, anapepesa macho kwenye jua.

"Kuna nini kwangu?"

"Toka huko mzee!" mwenyekiti akamvuta mkono. "Tembo! Tembo ishirini na wawili wako kwako!"

Mzee akageuka kulia. Akageuka kushoto. Akaangalia shamba, akaangalia zizi, akaangalia tena mlangoni alikotoka. Kelele zikapungua, watu wakawa wanamwangalia yeye.

"Siwaoni," akasema.

Mkewe akasogea. "Baba Pendo?"

"Mama Pendo, siwaoni. Tembo ishirini na wawili, na mimi sioni hata mmoja." Akakaa kwenye ngazi za baraza, taratibu, kama mzigo uliowekwa chini. "Basi kweli nimekuwa kipofu."

Naomba mnielewe, mpaka hapo nilikuwa sijaelewa. Neno tembo ndilo lililonizindua. Yote yakaniingia kwa mpigo mmoja, debe, filimbi, shangazi na sheria yake, ishirini na wawili, jasho likanitoka mpaka kwenye vidole vya miguu. Na nilipomwona mzee pale chini ameshika kichwa, haya yote iliyokuwa ndani yangu ikafa.

"Baba!" nikaita kutoka juu. "Baba, macho yako ni mazima! Hakuna tembo! Hakuna tembo hata mmoja! Ni gemu! Picha ndiyo mbovu tangu mwanzo, nikaona haya kusema, nikakuacha udhani ni macho!"

Sijui kama mmewahi kusikia kimya cha watu wengi wenye madebe. Hakuna aliyethubutu hata kuweka debe chini.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza. "Yaani huyu ametutoa mashambani, ametoa kwaya kanisani, kwa ajili ya gemu?" Akanyoosha kidole. "Kijana, shuka hapo upesi. Hapa kwetu kelele za tembo si mchezo. Siku wakija kweli na mtu akadharau, nani atajibu?" Na alikuwa na haki, sina cha kumpinga mpaka leo.

"Nashuka, mwenyekiti," nikasema, nikajaribu kuinuka, upepo ukanikumbusha hali yangu. Nikakaa tena.

"Shuka!"

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

Nikaangalia chini. Na nani alikuwa amesimama miguuni pa ngazi kabisa, ameishikilia kwa mikono miwili ili mgeni asianguke, kwa upendo wote? Mama mkwe. Nikaangalia mbinguni. "Mama naomba aende ndani kwanza," nikasema, sauti imekuwa ya kifaranga.

"Mwambieni mgeni asiogope, tembo hawapo," mama akasema kwa upole, bila kuniangalia, akimtuma Pendo maneno ambayo nilikuwa nayasikia vizuri tu.

Shangazi ndiye aliyeelewa. Alizunguka nyuma ya mnara, akainua macho, akasimama sekunde moja, halafu akatoa kicheko kilichoruka uzio, akamshika mama begani akamgeuza aangalie upande wa zizi. "Wifi, tazama ng'ombe wako, tazama tu ng'ombe." Akaingia ndani akicheka, akatoka na kitu cha kwanza alichokikuta, kitambaa cha meza cha sebuleni, cheupe, kimefumwa maua pembeni, akakiviringisha akanirushia. Nikajifunga kiunoni, nikashuka nikiangalia ngazi. Nyuma yangu vicheko vikaanza kimoja kimoja, vikawa kundi, vikawa mafuriko, mwanakwaya akalazimika kukaa chini. Mpaka Pendo aliponisogelea na kuninong'oneza ndipo nikajua kwamba katikati ya kile kitambaa, kwa uzi mwekundu, kulifumwa maneno BWANA IBARIKI NYUMBA HII, na kwa nilivyokifunga, baraka yote ilikuwa imeangukia makalioni.

Nikapita mbele ya watu wote nikaenda kusimama mbele ya mzee. Sikuwa na la kujitetea. "Baba, nisamehe."

Akavua miwani ya juu. Akavua ya chini. Akainuka, akaangalia mbali, ng'ambo ya korongo, kwenye mti mmoja uliosimama peke yake.

"Mwenyekiti," akasema, "kwenye ule mti kuna tai wawili. Mmoja amekunjua bawa. Unawaona?"

Mwenyekiti akakaza macho. "Mimi naona mti."

"Mti tu?"

"Mti tu."

"Basi wa kupelekwa hospitali ni wewe!" Na mzee akacheka, akacheka mpaka akanishika bega asianguke, machozi yanamtoka, anasema, "Ninaona! Mama Pendo, ninaona!" kana kwamba ni mimi niliyemponya na si mimi niliyempofusha. Mama naye huku nyuma, akiwa bado anaangalia ng'ombe kama alivyoambiwa, mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Baada ya hapo hata mwenyekiti alishindwa kuendelea na hasira, alijaribu, lakini debe alilokuwa amelikumbatia likamfanya aonekane hana kesi.

"Sasa," mzee akasema akijifuta machozi, "watu wamekimbia, hawawezi kurudi bila kuona walichokimbilia. Rekebisha hiyo picha, mura. Na safari hii ikikushinda, sema imekushinda."

Nikaingia sebuleni na kitambaa changu, kijiji nyuma yangu, vichwa madirishani vimejaa. Nikaketi kwa utulivu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, nikafungua mipangilio ya gemu nikaanza kusoma kimoja baada ya kingine kama ninavyofanya kwa simu ya mteja. Na nikaona. Ubora wa picha: wa chini kabisa. Kuokoa bando: imewashwa. Jamani, nani aliyewasha? Mimi! Pale Mugumu, wakati nangoja bodaboda, nilijaribu gemu kidogo, nikaona bando linavyokatika kama barafu juani, nikashusha ubora kwa kidole changu hiki, halafu nikasahau. Mtandao wa Robanda haukuwa na kosa lolote. Hata ile "imekuja" ya Pendo ilikuwa ni mpira umetoka nje, wachezaji wamesimama, na picha iliyosimama huwa inajitengeneza kidogo hata ikiwa ya chini. Nilipanda mnara, nikapasua suruali, nikavunja kwaya, kwa sababu ya kitufe.

Pendo alikuwa ameinama begani kwangu. Alisoma alichosoma. Aliuma mdomo, akasema polepole, "Hivi niolewe na wewe au nikuache?"

Nikapandisha ubora. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Kosa lilikuwa langu, nilishusha picha mwenyewe nikasahau." Na nikabonyeza.

Picha ikaja, mtu asikwambie. Majani ya uwanja unayahesabu. Namba mgongoni, jasho usoni mwa kipa, bendera ya kona inapepea. Madirishani wakapiga makofi, na yule mama wa shamba la jirani akapiga debe lake mara moja, kwa heshima. Mzee akashika pedi, mwenyekiti akashika ya pili, na sikuwahi kuona mechi ya namna hiyo, watu wazima wawili wanapigana vikumbo kwenye kochi, kwaya inashangilia kwa sauti nne, mzee anatangaza kila kitu anachokiona, "Namba saba kamba ya kiatu imefunguka, mnaona? Mnaona nyinyi?" Alimfunga mwenyekiti mabao ambayo sitayataja kwa heshima ya ofisi yake. Kuku alikatwa vipande vidogo vidogo kwa sababu ya wingi wa wageni, mimi nilipata shingo, na niliila kwa shukrani.

Watu walipotawanyika, mzee akaniita barazani. Shangazi alikuwa ameshashona suruali, kwa uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijivu, lakini nani wa kuchagua.

"Mura," akasema, "leo uliniogopesha. Mtu akizeeka, usicheze na kitu anachokiogopa."

"Nimeelewa, baba."

"Ungeweza kunyamaza kule juu. Wangehangaika, wangerudi kwao, nisingejua kitu. Lakini ulisema. Waambie wazee wako waje. Waje mchana, na waje kwa miguu yao, wasipande kitu."

Walikuja, walikaa, walielewana, na Pendo ni mke wangu sasa. Mwenyekiti hajanisamehe kabisa, ananiita Mchunga Tembo, na kila nikienda ananipeleka zamu ya kulinda mahindi, naenda bila kulalamika, na nimeshapiga debe kwa tembo wa kweli, hao hawana haja ya kutangazwa mara mbili. Mzee naye amenunua pedi zake mwenyewe, na picha ikififia hanisubiri, anaingia kwenye mipangilio anatengeneza, halafu ananipigia kuniambia tu kwamba ametengeneza.

Mimi nimejiapiza jambo moja na mnishuhudie. Kitu kikinigomea mbele ya watu, nasema kimegoma, hata kama dakika iliyopita nilikuwa nakisifia, nasema kimegoma na naomba tule kwanza. Ile aibu ya kusema inaisha kabla maji ya kunawa hayajafika mezani. Na kupanda, ukweni sipandi tena kitu chochote, hata wakinitandikia kitanda kirefu, nashukuru, nashusha godoro, nalala chini.